Toleo la Tano la Kifo cha Bourhane

Mwaka 1978 ilitangazwa rasmi, kwa waraka wa kurasa mbili uliobandikwa kwenye mlango wa kila ukumbi kuanzia Mahajanga hadi Hell-Ville, kwamba jukwaa ni shule ya taifa. Kwamba mwigizaji ni mwalimu na mtazamaji ni mwanafunzi. Na kwamba, kwa kuwa katika historia yote ya nchi hii raia hajapata kumwinulia raia mwenzake mkono, hakuna mchezo utakaoonyesha raia akimwinulia raia mwenzake mkono, kwa sababu jukwaa halina ruhusa ya kusema uongo. Chini yake palikuwa na saini ya Kamati ya Usafi wa Jukwaa, chombo chenye wajumbe saba, karani mmoja na mhuri mmoja. Kazi ilifanywa na mhuri.

Koulsoum binti Mdahoma aliusoma waraka huo akiwa amesimama juani mbele ya ukumbi wa Hell-Ville, kisiwani Nosy Be, kikapu cha nyuzi kwapani. Aliusoma mara mbili. Mara ya kwanza aliusoma kama fundi cherehani, akitafuta mahali mshono ulipoachia. Mara ya pili kama mtunzi wa michezo, na hapo akakiri moyoni kwamba aliyeuandika anajua kazi. Miezi kumi na sita kabla ya hapo, katika siku tatu za Desemba, baadhi ya raia wa Mahajanga walikuwa wamewavamia majirani zao wenye asili ya Ngazija kwa mapanga, mawe na petroli, nyumba kwa nyumba. Wafu walihesabiwa kwa mamia, na baada ya mamia watu wakachoka kuhesabu. Kaka yake, Bourhane, alikuwa katika wafu waliobaki bila kuhesabiwa.

Hakuwa na kaburi. Mama yao, aliyekimbilia Marodoka, kijiji cha hukohuko Nosy Be, na nguo aliyovaa tu, alikataa kisomo cha arobaini. "Nimsomee nani?" aliuliza. "Nimsomee upepo? Niambieni yuko wapi, nitasoma." Akauliza hivyo kila asubuhi kwa miaka tisa, bila kupandisha sauti, kama mtu anayeulizia bei ya chumvi. Koulsoum alichukua swali hilo, akalifanya kazi ya maisha yake, na hadithi hii ni ya jinsi alivyolijibu.

Alizaliwa Mahajanga, mtaa wa Mahabibo, na alipofika miaka kumi na minane alikuwa akishona nguo za maharusi mchana na kutunga vichekesho vya kuchezwa kwenye harusi hizohizo jioni. Koulsoum alitunga, Bourhane alicheza. Alikuwa mwembamba kama fimbo ya mwalimu, na mdomo wake haukuwahi kufungwa wakati unaofaa. Maneno ya michezo yalikuwa ya Kimalagasi cha pwani, maana ndicho walichokisema wote sokoni na mitaani. Kingazija kilitunzwa kwa ajili ya dua na matusi.

Kundi lao lilikuwa na desturi moja waliyorithi kwa shangazi zao wa Marodoka, na bila desturi hiyo hakuna la kusimulia. Iliitwa kurudisha. Mtazamaji akiona jambo limeigizwa visivyo, hupiga kelele: "Rudisha!" Mchezo husimama palepale. Lakini aliyepiga kelele hana ruhusa ya kukaa chini na kulaumu. Ni lazima apande jukwaani, ashike kifaa kile kile, aonyeshe kinavyofanywa. Akishuka, waigizaji hurudia onyesho kwa namna aliyowaonyesha. Wenye maringo hawakuipenda desturi hii. Wenye haya walikaa kimya. Ndiyo maana michezo ya Marodoka ilikuwa mirefu, na nyavu zilizotupwa ndani yake zingeweza kuvua samaki wa kweli.

Desemba ile ilimkuta Koulsoum Marodoka, akishona mavazi ya harusi ya binamu. Bourhane alikuwa amebaki Mahabibo kulinda nyumba. Wakimbizi walipoanza kufika, watu wanne walikuja kwa nyakati tofauti kumpa habari za kaka yake, na kila mmoja aliapa kwamba ameona kwa macho yake. Wa kwanza alisema amekatwa panga mlangoni mwa msikiti, akifa anasema shahada. Wa pili alisema amepigwa mawe sokoni, akifa anawasamehe waliompiga. Wa tatu alisema amechomwa pamoja na nyumba, na kutoka ndani ya moto alisikika akimwita mama. Wa nne, mzee mwenye heshima zake, alisema amezama baharini akimwokoa mtoto wa watu.

Koulsoum aliwasikiliza wote, akawapa chai, akawashukuru. Kisha akaketi na cherehani yake na kuzipima zile hadithi nne kama anavyopima kitambaa. Zote zilikuwa mbovu, na mbovu kwa kosa lile lile: katika zote nne Bourhane anakufa akisema jambo jema. Alikuwa amemtungia maneno yule mtu kwa miaka minane. Akimpa sentensi nzuri, Bourhane huiharibu. Hakupata kumaliza hata dua bila kumchokoza imamu. Watu wanne walikuwa wamemhurumia, na kwa huruma yao hakuna hata mmoja aliyemwambia kweli.

Hapo ndipo alipopata mbinu. Aliipata kwa bahati, katika kichekesho cha harusi kilichohusu mchinjaji. Mwigizaji, Athoumani, jitu la futi sita lililofanya kazi kiwanda cha sukari na kuogopa mende, alimwangusha ng'ombe wa magunia kwa kumsukuma shingo. Mchinjaji mmoja mzee, ambaye alikuwa amevumilia bila kupepesa jicho onyesho zima la malaika wa mauti, aliruka kama amekalia kaa la moto. "Rudisha! Ng'ombe haanguki hivyo, mpumbavu we! Mguu kwanza!" Akapanda, akamkamata Athoumani mguu, akamtupa chini hadi mbao zikalia.

Koulsoum aliyaona hayo kutoka nyuma ya pazia. Aliwaza: watu humsamehe mwigizaji akikosea mapenzi, akikosea dini, akimkosea hata Mungu. Hawamsamehi akikosea kazi waliyoifanya kwa mikono yao wenyewe.

Basi akaamua kukiigiza kifo cha kaka yake, na kukiigiza vibaya, mbele ya watu wengi iwezekanavyo, mpaka apatikane mmoja ambaye hataweza kuvumilia.

Kikwazo kilikuwa mhuri. Alipeleka kwa karani wa Kamati mchezo ulioitwa *Mgeni Aliyekosa Adabu*: katika nchi isiyotajwa, mgeni mmoja anawacheka wenyeji, wenyeji wanamvamia nyumbani kwake na kumuua. Karani alikuwa mtu mpole, kola imepigwa pasi, aliyesoma shule ya Wafaransa na kukumbuka yote.

"Bibie," alisema, "katika kanuni za kale za tamthilia, waungwana hufa nyuma ya pazia. Anakuja mjumbe, anatoa habari."

"Wajumbe nimekwisha kuwapata, bwana. Wanne. Hawakuelewana."

Karani aliandika jambo pembeni. "Huyu anayeuawa ni raia?"

"Ni mgeni."

"Wazazi wake?"

"Wamezaliwa hapohapo. Yeye pia. Lakini wanamwita mgeni."

Karani aliufungua waraka, akaufuata mstari kwa mstari kwa kidole, akafika mwisho, akarudi. Palikatazwa raia kumpiga raia. Juu ya mgeni waraka haukusema neno. "Mgeni hakukatazwa," alisema, na kwa furaha ya kweli ya mtu aliyeona kanuni inafanya kazi yake, akagonga mhuri.

Miaka sita iliyofuata Koulsoum aliitumia kumuua kaka yake kisiwani kote. Alilitengeneza lile pigo kama wengine wanavyotengeneza saa. Pigo la jukwaani, aliwafundisha, lina vitu vitatu: mkono unaopanda, mlio unaotoka mahali pengine, na mwili unaotangulia kuanguka. Mlio ulitoka nyuma ya pazia, ambako mtu alipiga kwa rungu ngozi ya ng'ombe iliyoloweshwa. Damu haikuwa ya mnyama, kwa kuwa ingenajisi nguo na waigizaji walikuwa watu wa kusali. Ilipikwa kwa maua mekundu ya choya na molasi ya kiwandani hadi ikawa nzito. Ilikuwa damu nzuri. Nzi waliikubali.

Athoumani, aliyemwigiza mgeni, aliyalipia mazoezi kwa mbavu. Rungu lilimpitia mara mbili alipochelewa kuanguka. Jino moja lilibaki kwenye mchanga wa Marodoka, na halikupatikana.

"Fundi," alimwambia Koulsoum siku hiyo, akitema damu ambayo haikuwa choya, "kwani siwezi kufa mara moja tu nikapumzika?"

"Unakufa kama mtu anayetafuta mto wa kulalia. Simama."

"Nimesimama."

"Kufa."

Kila mahali walipocheza, kosa moja lilirudishwa. Nosy Komba, kisiwa jirani, mzee mmoja mkimbizi wa Mahabibo aliyekuwa akisimamia akina mama wa kudarizi alipanda na kusema mlango wa nyumba ulifunguka kwa ndani, si kwa nje. Ambatoloaka, nyuma ya baa ya wapiga mashua, mambo yalikwenda mbali zaidi. Mpigaji alipoinua panga la bati, Bi Fatoumia, mjane aliyeishi mlango wa pili na Bourhane na kukimbia na kovu la moto begani, alipanda bila kuitwa na bila kusema "Rudisha". Akampiga mwigizaji kofi moja, la pili, akachukua kigoda na kumtwanga nacho kichwani mpaka wakamshika watu watatu.

"Panga! Panga!" alipiga kelele, mate yakimtoka. "Nani kawaambia panga? Komeo! Lile komeo la mlango wake mwenyewe, ule mti! Nimeliona asubuhi yake liko njiani, limeshikana nywele!"

"Na yeye, mama?" Koulsoum aliuliza. Alikuwa amepiga magoti mbele yake jukwaani, na watazamaji walidhani ni sehemu ya mchezo, wakatulia. "Yeye mwenyewe ulimwona?"

"Hakuwapo. Kulikuwa na mti tu." Kisha yule mjane akakiangalia kigoda mkononi mwake, akakaa juu yake, akalia.

Usiku huo Koulsoum hakushona. Komeo lile alilijua. Kila mtu Mahabibo alilijua. Lilitengenezwa na Jaofeno, seremala wa mtaani, na lilikuwa fupi kwa kiganja kizima, kwa hiyo mlango wa Bourhane haukufungika tangu siku ulipowekwa. Badala ya kugombana, Bourhane alicheka, na badala ya kucheka peke yake, alimwomba dada yake amtungie kichekesho. Koulsoum alikitunga kwa siku mbili. Kilimhusu seremala anayepima kila kitu kwa macho aliyoyafumba: mlango, kitanda, jeneza, mke. Kilichezwa harusi saba mwaka 1975, na mtaa mzima ulijikojolea kwa kicheko. Jaofeno alikuwapo katika harusi ya kwanza, safu ya mbele. Alikuwa wa kwanza kucheka na wa mwisho kunyamaza. Tangu hapo wateja wake walimfuata kwa macho yaliyofumbwa, wakipapasa ukuta.

Kilikuwa kichekesho kizuri kuliko vyote alivyotunga. Alikuwa akikionea fahari.

Mwaka 1985 Kamati ilitangaza Juma la Utamaduni mjini Mahajanga, na kwa kuwa makundi yenye mhuri yalikuwa machache, kundi la Marodoka lilialikwa. Koulsoum aliomba jambo moja tu: wachezee Mahabibo, kwenye uwanja nyuma ya mtaa wake wa zamani. Karani aliona ombi hilo ni la upendo kwa nyumbani, akalikubali. Mama yao alikuwa kitandani Marodoka kwa miezi miwili, miguu imevimba. Wakati wa kuagana aliuliza swali lake, na Koulsoum, kwa mara ya kwanza, alijibu: "Nakwenda kuuliza, mama."

Jukwaa lilikuwa mbao juu ya mapipa ya mafuta. Baada ya Alasiri uwanja ulijaa: wenyeji wa tangu zamani, familia chache za Kingazija zilizorudi na kujifunza kutembea karibu na ukuta, wavuta posiposi, vile vigari vya abiria vya kukokotwa kwa mkono, waliokaa ndani ya magari yao kama mabwana, na katika kiti cha mbele karani, kola imepigwa pasi. Wanawake waliokosa nafasi walikalia jiwe pana la saruji pembeni, karanga mapajani. Koulsoum alipanda kueleza desturi ya kurudisha, na watu wakaipenda mara moja. Kisha akawapa kosa alilowaandalia.

Alikuwa amelifanyia kazi kwa mwaka mzima. Mlango ulikuwa wa kweli, komeo lilikuwa la kweli, fupi kwa kiganja. Lakini mpigaji alifundishwa kulishika kama mtu asiyewahi kushika mti: mikono imeachana, vidole gumba vimetazama juu. Akapiga, komeo likampita Athoumani, likagonga ukingo wa mlango, likamrudia mpigaji mwenyewe kwenye goti. Akaruka kwa mguu mmoja. Akapiga tena, kwa macho yaliyofumbwa. Uwanja ukacheka. Walicheka vijana ambao hawakujua, kisha wakacheka na waliojua, kwa kuwa kicheko kilikuwa kimekwisha kuanza na kilikuwa rahisi kuliko kunyamaza. Athoumani akafa polepole mlangoni, uso mzuri, akiwasamehe wote.

"Rudisha."

Haikuwa kelele. Ilisemwa kama mtu anavyosema samahani, nipishe. Aliyesema alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, shati safi, penseli sikioni. Alipanda taratibu, akishika goti. Koulsoum, nyuma ya pazia, alimtambua kwa ile penseli kabla ya kuiona sura.

"Nipe," Jaofeno alimwambia mpigaji. Akalipokea komeo, akaligeuza, akapitisha kidole kwenye ukingo wake. "Hili limepigwa randa vibaya," alisema. Uwanja ukacheka tena. Akangoja wamalize. "Halishikwi hivyo. Mkono wa kulia chini, wa kushoto juu, karibu. Mti ukiwa mfupi unamsogelea mtu. Huupungii kwa mbali. Wewe, simama."

Athoumani alisimama. Ndiyo ilikuwa kazi yake.

"Kichwa si cha kwanza," Jaofeno alisema, akiwatazama watazamaji kama anayefundisha wanagenzi. "Mtu atakinga kichwa kwa mikono. Kwanza hapa, kwenye mtulinga, mfupa huu wa chini ya shingo, mkono udondoke." Na akapiga.

Mlio haukutoka nyuma ya pazia. Yule wa rungu na ngozi alikuwa bado ameinua mkono wake alipousikia, mkavu, mdogo, kama kuni inapovunjwa gotini. Athoumani alitoa sauti ambayo hakupata kuitoa katika miaka sita ya kufa, na mkono wake wa kulia ukaning'inia. Alimtazama Koulsoum. Koulsoum alikuwa amesimama wazi kabisa sasa, mbele ya pazia, hatua nne kutoka kwake. Alikuwa ameliona pigo tangu lilipokuwa begani mwa Jaofeno. Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja.

Hakulisema.

"Kisha hapa," Jaofeno alisema, na kumpiga paja. Jitu likaenda chini. Kicheko kilikuwa kimekatika. Waigizaji wawili waliruka kutoka pembeni na kumshukia yule seremala kwa marungu ya jukwaani, ambayo yalikuwa marungu kweli. La kwanza lilimpasua nyusi, la pili likamkalisha, damu ikamjaza jicho. Karani alikuwa amesimama, mkono juu ya mfuko wa mhuri.

"Mwacheni!" Koulsoum alipiga kelele, na sauti ilikuwa ile ya mazoezini, ambayo hakuna mwigizaji wake aliyewahi kuikaidi. "Mwacheni! Hajamaliza."

Wakamwacha. Jaofeno alijifuta jicho kwa mkono wa shati, akamtazama yule mwanamke kwa makini, akamtambua pia. Haikumzuia. Huenda ilimsaidia, mtunzi alikuwa amekuja mwenyewe.

"Alisema nini?" Koulsoum aliuliza. Alizungumza kwa upole, kama anavyozungumza na mwigizaji aliyesahau mstari wake. "Hapo, baada ya la kwanza. Alisema nini?"

"Zandry," alisema Jaofeno, kwa jina wanalomwitia ndugu mdogo, "hukuandika vizuri hapo. Hakumsamehe mtu. La kwanza halikumpata sawasawa, mikono ilikuwa inanitetemeka, na tulikuwa wengi, tunasukumana. Akanitazama. Akasema, 'Jaofeno, umelishika kama ulivyolipima.'"

Mtu mmoja, mzee wa zamani wa mtaa, alitoa kicheko kimoja kifupi kabla hajajizuia, maana ilikuwa sauti ya Bourhane, tupu, mtu angedhani yuko nyuma ya mlango.

Koulsoum aliijua ile sentensi. Aliijua kama anavyoujua mshono wake. Hakuitunga yeye, lakini isingekuwapo kama asingetunga kile kichekesho.

"Ukampiga tena."

"Mara tatu. Nikapata kipimo." Alisema hivyo bila kujivuna na bila kulia. Yeye hakuzianzisha siku zile tatu. Zilimkuta na jambo lake moyoni, na zikamwambia kwamba leo kila mtu anamaliza mambo yake.

"Halafu mkamwacha mlangoni."

Ilikuwa hila ya mwisho, na ya zamani kuliko zote. Seremala alitikisa kichwa kama anayeona ubao uliopinda. "Nani kakwambia? Hakuna aliyeachwa mlangoni. Mchezo wako wote umekaa vibaya upande huu. Rudisha." Akainama, akamshika Athoumani vifundo vya miguu. "Kwa miguu, si kwa mikono. Kichwa kinakuja mwisho." Akamvuta. Athoumani, jitu zima, alishuka jukwaani akigonga kila ubao, akilia kwa sauti nyembamba, mtulinga umemtokeza chini ya ngozi, na hakuna aliyemzuia Jaofeno, kwa sababu kila mtu wa mtaa aliyekuwa na umri wa kutosha alikuwa anaangalia anakokwenda, na alijua kabla hajafika.

Alimvuta hadi pembeni, kwenye lile jiwe pana la saruji. Wanawake waliolikalia waliinuka mmoja mmoja. Hawakuambiana. Waliinuka kama watu wanaosikia joto chini yao, maganda ya karanga yakidondoka kwenye kanga, na wa mwisho, aliyekuwa mjamzito, alivutwa na wenzake.

"Hapa," Jaofeno alisema. "Kilikuwa kisima." Akaachia ile miguu. Akamgeukia Koulsoum, akipumua kwa nguvu, damu ikimtiririka hadi kidevuni, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ya mtu anayeomba kitu. "Sasa imekaa sawa?"

Koulsoum alikuwa amewadanganya watu wengi kwa ajili ya kulifikia jibu hili, na mtu mmoja alikuwa amelala chini amevunjika. Aliona ana deni la neno la kweli kwa mtu yeyote, hata kwa huyu.

"Imekaa sawa," alisema.

Hapo uwanja ukalipuka. Vijana wa familia zilizorudi walimkamata Jaofeno, vijana wa kwake wakawakamata wao, mbao za jukwaa ziking'olewa na kutumika, posiposi mbili zikapinduliwa pamoja na mabwana zao. Wote walikuwa raia. Koulsoum hakuyaona mengi. Alikuwa amemlalia Athoumani asikanyagwe, na alivunjwa vidole viwili vya mkono wa kushoto, ule unaoongoza kitambaa.

"Fundi," Athoumani alimwambia sikioni, "ulikuwa unaona."

"Nilikuwa naona."

"Kabla hajapiga."

"Ndiyo, kabla."

"Basi sifi tena," alisema Athoumani, na kweli hakucheza maiti tena maisha yake yote. Aliwacheza masultani, vibaya, na Koulsoum hakupata kumkosoa.

Ripoti ya karani ilitaja fujo za kimichezo, mvunjiko mmoja wa mtulinga na upungufu wa viti. Jaofeno alishonwa nyuzi sita na kurudi kwenye karakana yake. Hapakuwa na shtaka, kwa kuwa hapakuwa na maiti. Koulsoum aliandika kwa Kamati, kwa mkono wa kulia, akiomba kisima kifunguliwe ili kaka yake azikwe kwa heshima za Kiislamu. Jibu lilifika baada ya miezi mitatu, limeandikwa kwa ufasaha: kwa kuwa hakuna aliyekufa, hakuna cha kufukua, na kwa kuwa saruji ile ni mali ya umma, anayeigusa anaharibu mali ya umma. Alikumbushwa kwamba mchezo wake haukuwa na ruhusa ya kutaja kisima.

Mama yake alisikia habari yote akiwa ameegemea ukuta, Marodoka. Hakuuliza kuhusu komeo. "Kisima cha nyuma ya kwa Bi Fatoumia?" alisema. "Kile maji yake yalikuwa matamu." Kisha akaagiza maji ya kutawadha. Alisoma alfajiri hadi adhuhuri, na siku ya pili asubuhi hakuuliza swali lake. Alikufa mwaka uliofuata. Koulsoum alirudi kwenye cherehani. Alijifunza kuongoza kitambaa kwa kiganja. Michezo aliendelea kutunga, mingine mizuri, lakini hakutunga tena kichekesho juu ya mtu mwenye jina.

Mahajanga alikwenda mara moja zaidi, Ijumaa moja ya mwaka 1986, pamoja na imamu Youssoufa na watu kadhaa wa ukoo. Walisimama safu mbili nyuma ya jiwe, wakamsalia Bourhane, na mtaa uliwaangalia kutoka madirishani bila kurusha kitu. Walipomaliza, Koulsoum alivua mtandio wa bega na kulifuta jiwe, maana lilikuwa na vumbi na mavi ya kuku. Saruji ilikuwa nzuri, ya mifuko ya serikali, haikuwa na ufa. Karibu na ukingo, aliyeimwaga alikuwa ameandika kwa kidole kabla haijakauka, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kujaza fomu: *Kisima Na. 14. Tarehe 2-1-77. Watu 9.*